Kobe Aliyechora Shule ya Roussilles

Jumanne, 5 Novemba 1985

Barua ya mkaguzi imefika. Nimeisoma mara tatu nimesimama, mara ya nne nimekaa.

Habari yenyewe: shule yangu hapa Roussilles ina wanafunzi tisa. Shule ya Montfol, kilomita nne bondeni, ina wanafunzi tisa. Walimu wawili kwa watoto kumi na wanane ni anasa, wanasema. Mkaguzi, Bwana Lherm, atazitembelea shule zote mbili Alhamisi ya tarehe 14, na atataka kuona hasa jinsi kila mwalimu anavyotumia kompyuta mpya kufundishia kuchora. Baada ya hapo moja itabaki. Nyingine itafungwa.

Kufungwa! Nimo ndani ya chumba hiki tangu 1957. Mwaka ule walikuwa arobaini na mmoja, wamebanana wawili wawili, na kila Jumatatu mtoto wa zamu alipita na chupa kujaza wino wa zambarau kwenye vidau. Madoa ya wino ule bado yako sakafuni. Leo nimeyatazama muda mrefu. Huguette, mke wangu, akaniuliza nimedondosha nini.

Kompyuta ninayo. Serikali imeigawia kila shule, hata sisi wa milimani. Imekaa mezani tangu Oktoba chini ya kitambaa cha meza cha Huguette, kuikinga na vumbi la chaki. Mafunzo nimeyapata pia, siku tatu mjini Aurillac. Siku ya pili nilikaa karibu na kipasha joto. Siku ya pili siikumbuki.

Lengo: kumpiku Madamu Bouyssou, mwalimu wa Montfol. Mbinu: itakuja.

Jumatano, 6 Novemba

Jumatano hakuna shule. Nimepanda baiskeli hadi Montfol kupeleleza. Kisingizio: kuazima spiriti ya mashine ya kudurufu.

Madamu Bouyssou ana miaka thelathini na minne, anavaa suruali, na ana tabia ya kukufungulia mlango kabla hujabisha hodi. Kompyuta yake ilikuwa inawaka. Yeye haifuniki na kitambaa. Kwenye kioo kulikuwa na kile kipembetatu kidogo wanachokiita kobe: ukiandika MBELE 50 kinakwenda mbele hatua hamsini na kuacha mstari, ukiandika KULIA 90 kinageuka. Basi, hayo tu. Kobe wangu hadi leo amechora mstari mmoja, akatoka nje ya kioo, hakurudi.

Wa kwake alichora ua. Petali thelathini na sita. Lilifunguka polepole, jekundu, mbele ya macho yangu, na nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: lilikuwa zuri.

Akanikatia keki ya asali, akauliza kwa upole kobe wangu anachora nini. Nikajikausha. Nikasema anachora jengo zima la shule, na paa, na kengele, na milango yote miwili. Kikombe chake kilisimama hewani. Ushindi! Kisha nilipokuwa nikiisukuma baiskeli mlimani nikakumbuka kwamba sasa itabidi tulichore kweli.

Chupa ya spiriti nimeisahau kwake.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimewatangazia watoto: tunachora shule yetu. Wamefurahi kupita kiasi, jambo lililonitia shaka.

Asubuhi, ukuta wa kushoto. Mchana, ukuta wa kulia, ukiwa juu ya ule wa kushoto. Bomba la moshi limeota kuelekea chini, likatokezea penye stoo ya makaa. Bernadette, mwenye miaka kumi na ulimi wa miaka hamsini, alisema kobe hana kosa, yeye hufanya alichoambiwa, mwenye kosa ni aliyemwambia. Nikamwambia atulie. Akabadilisha namba tatu, bomba likasimama.

Enzi za ubao nilichora duara kwa mkono mtupu, mara moja, bila kuinua chaki. Darasa zima lilishika pumzi. Mwaka 1963 mtoto mmoja alilipima kwa kamba, hakukuta kosa. Watu wazima bado wananikumbusha duara lile wakinikuta kwenye mnada wa ng'ombe. Sasa anayeshikiwa pumzi ni kobe. Sina wivu. Naandika tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumemaliza! Mistari themanini na minne ya maagizo! Paa lipo, bomba lipo, mlango wa wavulana na mlango wa wasichana, ofisi ya meya katikati, kengele juu. Watoto walipiga makofi. Nami nilipiga.

Tatizo moja. Ukizima kompyuta, inasahau kila kitu. Lazima kazi ihifadhiwe kwenye kaseti, kwa kinasa sauti kilichokuja nayo. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siku ya pili. Kaseti tuliyoletewa ilitafunwa na kinasa sauti wiki iliyopita, na duka la karibu liko Aurillac.

Lakini mimi pia ni katibu wa ofisi ya meya, kama walimu wengi wa vijijini, na ofisi hiyo iko upande wa pili wa korido, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwangu. Kabatini kuna kaseti moja. Ni ile ya tarumbeta, inayopigwa kila tarehe 11 Novemba mbele ya mnara wa waliokufa vitani, tangu mpiga tarumbeta wetu alipofariki. Tarumbeta ni dakika moja. Kaseti ni ya dakika sitini. Nafasi yote hiyo inakaa bure! Nimesogeza mkanda hadi tarumbeta ikaisha, nikahifadhi shule yangu hapo. Safi kabisa. Kisha, kwa usalama zaidi, nikaurudisha mkanda mwanzo kabisa, nikahifadhi na nakala ya pili. Mtu makini hategemei nakala moja.

Kaseti imerudi kabatini. Karatasi zilizokuwa na namba zetu Huguette amewashia jiko. Haidhuru, namba ziko salama.

Jumamosi, 9 Novemba

Baada ya vipindi vya asubuhi nimemsubiri muuza mikate na gari lake. Akitoka kwetu huteremka Montfol. Nikanunua mkate nisiouhitaji, nikamdokezea, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba kobe wetu sasa anachora hata moshi. Si kweli. Lakini atafikisha.

Alasiri nikafuta vumbi picha za darasa kwenye korido, ishirini na nane. Katika ile ya 1958 yuko Lucien Cayrac, meya wetu wa leo, na sweta la kaka yake linalomfika magotini. Ukitembea kuelekea mlangoni watoto wanapungua picha baada ya picha. Katika ya mwaka huu mpiga picha alituomba tuweke tufe la dunia katikati ili nafasi isionekane. Nimeifuta ile mara mbili.

Jumapili, 10 Novemba

Maandalizi ya kesho. Kwenye mnara kuna majina thelathini na saba, ya vita vya 1914 peke yake. Desturi yetu ni watoto wa shule kuyasoma. Nilipofika hapa kila mtoto alisoma jina moja, na wanne wakabaki bila jina, wakalia. Mwaka huu wanane watasoma manne manne na Bernadette matano. Shule ikifungwa, mwakani atasoma nani?

Nilijikuta nimesimama mbele ya mnara nikiyasoma mwenyewe kwa sauti, hadi mbwa wa padri akaja kunitazama.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na hali ya hewa: ilikuwa nzuri.

Kijiji kizima kilikuwepo, watu themanini hivi. Bwana Meya Cayrac alijifunga utepe wake wa rangi tatu. Mzee Cantournet, miaka tisini, wa mwisho kati ya waliorudi kutoka vita vile, alisimama mbele na medali zake, bila mkongojo. Watoto wakasoma majina vizuri, hata wadogo. Meya akainua mkono. Nikabonyeza kitufe.

Haikutoka tarumbeta. Ilitoka nakala ya pili! Shule yangu yote, mistari themanini na minne, ikilia kwa lugha ya kompyuta kupitia spika ya kijiji: mluzi mkali, kisha mkwaruzo kama msumeno unaokata bati, kisha mluzi tena. Njiwa wote wakaruka kutoka kanisani. Nikanyoosha mkono nizime. Lakini Mzee Cantournet alikuwa ameshapiga saluti, na mbele ya mzee aliyepiga saluti hakuna anayethubutu kuzima chochote. Bendera ikainama. Meya akabaki wima, uso umemwiva. Tukasimama hivyo dakika nne. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye, kwenye glasi ya mvinyo pale ofisini, watu wote walinipisha kama nina upele. Meya peke yake ndiye aliyenifuata. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu," alisema, "leo umewaua mara ya pili."

Akaitoa kaseti mfukoni, akauvuta mkanda wote hadi ukawa lundo miguuni pake, akautia kwenye jiko la kuni. Ukaungua, na shule yangu ndani yake. Nilistahili.

Mzee Cantournet akanishika mkono. Alisema ile tarumbeta tunayoipiga kila mwaka, kule vitani Verdun hakuwahi kuisikia hata siku moja.

"Ya leo ndiyo," alisema. "Ya leo ndiyo yenyewe, mwanangu."

Nimerudi nyumbani nikalia mbele ya supu. Huguette akanisogezea mkate.

Jumanne, 12 Novemba

Maji yamenifika shingoni. Mkaguzi ni keshokutwa, mchoro hakuna, namba hakuna. Nimetafuta njia ya heshima. Haipo.

Nimemwandikia mkaguzi barua bila jina: kwamba Montfol kumeingia matumbwitumbwi, watoto watatu wamevimba, na kwamba ugonjwa huo ni mbaya zaidi kwa wanaume wa makamo. Niliandika kwa mkono wa kushoto. Ikatoka na mwandiko wangu uleule, kila herufi na mkia wake. Hata hivyo nusu ya tarafa ilijifunza kuandika kwangu, kwa hiyo washukiwa si chini ya mia tatu. Nikabandika stempu.

Alasiri akaja Madamu Bouyssou na gari lake dogo kuniletea ile spiriti. Amesikia ya mnarani. Hakucheka. Alisema kama nataka, tunaweza kukaa pamoja tukaandika maagizo upya, itachukua saa mbili tu. Nikamwambia mambo yangu yako sawa. Alipofika mlangoni akasema, kama mtu anayeongea na kitasa, kwamba siku hizi halali: ana watoto watano wanaotoka mashamba ya mbali, na Montfol ikifungwa watakuwa wanaamka saa kumi na moja alfajiri, pamoja na theluji.

Alipoondoka niliitazama ile barua. Nikaitia jikoni. Stempu niliibandua kwanza.

Alhamisi, 14 Novemba

Suti ya harusi. Bado inafunga, mradi usivute pumzi.

Mkaguzi alitarajiwa saa nne na nusu. Saa mbili na nusu tuliwasha kompyuta na watoto wakaanza kukumbuka namba, kila mmoja na zake. Bomba la moshi likarudi kwenye stoo ya makaa. Mlango wa wasichana ukaruka juu ya paa. Nikaloa jasho.

Bernadette akatoa wazo: twende uani, tupime kwa hatua, na kobe awe mtu. Nikauliza nani awe kobe. Wakanigeukia wote tisa.

Ndivyo ilivyotokea kwamba saa tatu na robo nilikuwa nimepiga magoti uani, chaki mkononi, suti mwilini, nikitambaa juu ya lami huku watoto tisa wamenisimamia wakitoa amri. Mbele kumi. Kulia tisini. Mbele sita. Nilipojaribu kueleza kwamba mlango wa wavulana ni mpana zaidi, Bernadette alinikatisha.

"Kobe hasemi, Mwalimu."

Nikanyamaza, nikatambaa. Ajabu ni kwamba nilianza kumwelewa yule kobe. Hajui paa wala kengele, maskini. Anajua alipo na anakotazama, basi. Mimi mwenyewe kwa miaka ishirini na minane sijajua mengi zaidi.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya paa nilipokutana na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Bwana Lherm! Alikuwa amemaliza Montfol mapema. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Nikajiambia: Firmin Vidalenc, habari yako imekwisha. Nikataka kuinuka. Akasema nisiinuke, na watoto waendelee. Akaandika kitu kwenye daftari. Kisha akauliza njia hii nimeanza kuitumia lini. Nikamjibu nikiwa bado chini: tangu 1957.

Tukaingia ndani. Watoto wakaandika namba zilizotoka kwenye chaki. Kobe akaondoka. Ukuta, ukuta, paa, bomba likiwa wima, milango miwili, kengele. Shule ikasimama kwenye kioo, mistari ya njano juu ya weusi, bila mtu, bila dawati, bila doa la wino. Niliiona kama atakavyoiona mpita njia siku ikishafungwa. Ikabidi niende nyuma ya ramani ya mito kutafuta kifutio, na nikakaa huko kidogo, kwa sababu sikutaka watoto wanione.

Mkaguzi alifunga daftari lake, akaondoka. Suti imetoboka magotini, miguu yote miwili.

Ijumaa, 29 Novemba

Barua imekuja! Shule zote mbili zinabaki! Watoto wa vijiji viwili watachanganywa: wakubwa wote watasoma mahali pamoja, wadogo wote mahali pamoja, na gari la shule litakuwa likipanda na kushuka.

Niliposoma sentensi hiyo nilitoka uani nikapiga kengele, saa sita na robo mchana, bila sababu yoyote. Meya akaja mbio akidhani moto. Nikampa barua. Alisoma, akanikumbatia, akaniita Mwalimu kwa sauti ileile ya 1958, kisha akatoa chupa yake ya kinywaji kichungu cha mizizi, ambayo huwa hamtolei mtu. Tulikunywa tumesimama kwenye korido mbele ya picha. Alijitafuta, akajiona, akacheka sweta lake. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tangu nije kijijini hapa.

Kisha nikasoma ukurasa wa pili.

Wakubwa, pamoja na kompyuta zote mbili, wanakwenda Montfol kwa Madamu Bouyssou. Wadogo, wa miaka mitatu hadi sita, wanakuja kwangu, "kwa kuwa Bwana Vidalenc ameonyesha kipaji adimu cha kushuka hadi mahali alipo mtoto." Huguette alicheka mpaka akatafuta kiti. Wa miaka mitatu! Makamasi! Kamba za viatu! Na kobe, niliyemwelewa kwa magoti yangu mwenyewe, anakwenda kuchora maua!

Madamu Bouyssou alikuja alasiri na keki. Macho yalikuwa mekundu.

"Tumepona wote wawili, Mwalimu," alisema.

Nikamshika mikono yote miwili, na nilikuwa namaanisha. Tukapanga mambo ya gari la shule na mapumziko ya mchana. Mwanamke mwema kabisa, na mwalimu kweli. Nimeamua kuanzia leo hakuna tena hila kati yetu. Akaenda zake.

Sasa basi. Kompyuta haivumilii unyevu, imeandikwa kwenye kijitabu chake. Montfol iko bondeni, kando ya mto. Nami nina kipima unyevu cha shaba, kizuri, cha masomo ya sayansi. Kesho nitampelekea Madamu Bouyssou kama zawadi ya ujirani mwema, akitundike karibu na mashine. Akisoma namba kwa macho yake mwenyewe ataogopa, na kwa hiari yake atazileta kompyuta zote mbili huku juu kwenye hewa kavu.

Nimekitundika juu ya sufuria ya supu ya kabichi tangu saa kumi na moja jioni. Kinasoma tisini na mbili. Huguette ameuliza supu yake imefanya kosa gani. Nimemwambia ni sayansi.